Safu ya Anuani

Daftari nililichora mistari usiku, kwa mpini wa kijiko;
rula ilikwenda na maji mwaka ule, pamoja na shule.
Jina. Kazi. Anuani. Sahihi au dole gumba.
Saa moja asubuhi mwalo wa Ntoroko una kelele tayari:
Abwoli na kipaza sauti cha betri za kukopa,
wanawake wa muziri, magamba bado mikononi,
wachunga ng'ombe waliokuja, wanasema, kutazama tu,
na bodaboda mbili zilizobeba miche ya mafunjo,
mizizi imezungushiwa gunia bichi
kama wagonjwa wanaopelekwa Karugutu.

"Andika," naambiwa, "usimruke mtu."
Naandika.
Businge, mshona nyavu. Anuani?
Ananyoosha kidole ziwani.
Ayerango, mpika chai. Anuani?
Naye kidole, pale,
kushoto kwa mti uliokufa umesimama.
Kufika jina la kumi na moja safu ina neno moja tu,
majini, majini, majini,
mkono umechoka, naweka vistari viwili viwili vya kurudia,
vinaogelea kushuka ukurasa kama viluwiluwi.

Kwenye karatasi kazi ilikuwa nyepesi:
kamba toka banda la mizani hadi mferejini,
vigingi kila hatua tano, nyuma ya vigingi mafunjo,
nyuma ya mafunjo matete, nyuma ya matete
asijenge mtu tena, hata choo.
Abwoli aliyasema kwa Kitoro, kwa Kialur, kisha kwa Kiswahili
ili na waliovuka jana toka ng'ambo wasikie.

Ndipo Onega akaishika kamba.
Hakuivuta. Aliishika tu,
kama unavyoshika mkono wa mtoto barabarani.
"Hapa mnapochimba," alisema, "ni jikoni kwa mama."
Mtu akacheka. Hapa ni tope, Onega.
"Jikoni. Mafiga matatu. Leo mnayafunika majani?"
Na kabla kipaza sauti hakijapata neno
aliingia majini na viatu vyake,
akihesabu kwa sauti: kizingiti,
mtungi,
kitanda alichofia baba,
maji magotini, maji mapajani,
maji kiunoni, akasimama, akatugeukia.
"Hapa palikuwa na ua. Mwisho wa kiwanja.
Ziwa lilikuwa mbele huko. Tulilisikia tu, hatukuliona."

Wataalamu walishakuja, na mashine ya miguu mitatu.
Walituachia namba.
Namba ile haikuwa na kiuno.

Businge alichukua kigingi kirefu akamfuata,
akakigongomea ubavuni pake,
akakata alama kwa panga, sawa na kitovu cha Onega.
Kisha mwingine akaingia: kwangu pale.
Na mwingine. Wachunga ng'ombe wakavua makoti.
Haikupita saa, watu wamesimama ziwani kila mmoja nyumbani kwake,
majirani waliopotezana, tena mlango kwa mlango,
na Ayerango, maji yamemfika kwapani, anamwambia wa kushoto:
"Bado una sufuria yangu."

Jiko tuliliacha. Kamba ilipinda hatua tatu kulizunguka;
ukija utaona, mstari wa mafunjo una goti hapo.
Onega alipanda miche arobaini, sikumwona akipumzika.
Chai iliisha kabla ya zamu ya pili. Palikuwa na maneno.

Usiku akaja kiboko.
Alikula safu mbili, akakanyaga ya tatu,
vigingi hakugusa.
Nimemwandika pia, nilikatazwa kumruka mtu.
Jina: hatukuuliza. Kazi: kula.
Anuani: vistari viwili,
kama sisi wa hapo juu.

Jumamosi ijayo tunaanza saa kumi na mbili.
Kila mmoja aje na tawi la miiba.